Uzi maalumu: Unataka kusoma falsafa chuo kikuu? Usisome kwa madesa

#1 Mlinzi wa Hoja

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila udahili ukifunguliwa nakuta PM za vijana waliomaliza form six wakiuliza swali lile lile kwa sura tofauti: kaka, nimeona kozi ya Falsafa na Maadili, vipi, inalipa? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Digrii hiyo nimeisoma miaka mitatu, chuo cha umma hapa hapa nchini. Sikitaji kwa sababu kuna mambo nitayasema. Kwa sasa nafanya kazi ambayo barua yake ya ajira haina neno falsafa popote. Mwenye la kuongeza aongeze, mwenye matusi apite kimya kimya.

Mwaka wa kwanza utakutana na mantiki, utangulizi wa falsafa, maadili na Wagiriki wa kale. Mwaka wa pili zinakuja falsafa ya zama za kati na ya kisasa, epistemolojia (kujua ni nini), metafizikia (vilivyopo ni nini hasa) na falsafa ya Kiafrika. Mwaka wa tatu falsafa ya siasa, ya sayansi, maadili ya tiba, halafu tasnifu. Majina hubadilika chuo hadi chuo, ila mifupa ni hiyo.

Mantiki ndiyo inayowaliza wengi. Watu wanakuja wamekimbia hesabu tangu form two, wiki ya nne wanakuta ubao umejaa alama na majedwali ya ukweli. Lakini ukivuka alama, ni somo tamu kuliko yote. Mhadhiri wetu alianza na hoja hii ya mitaa ya Dar es Salaam:

Mvua ikinyesha Kariakoo, Jangwani panajaa maji.
Jangwani pamejaa maji.
Kwa hiyo, mvua imenyesha Kariakoo.

Darasa zima tukasema hoja safi. Akauliza mto Msimbazi, ule unaopita Jangwani, unatokea wapi. Unatokea vilima vya Pugu na Kisarawe. Huko ikipiga ya maana, Jangwani watu wanahamisha vyombo na Kariakoo vumbi linapepea kama kawaida. Sentensi mbili za mwanzo zinaweza kuwa kweli tupu na ya tatu ikawa uongo. Tangu siku hiyo siwezi kusikiliza mjadala wa redioni bila kutafuta Jangwani iko wapi.

Sasa nije kwenye hasa nilichokusudia kusema: madesa.

Waliosoma vyuo vyetu wanajua desa ni nini. Notisi za mwaka juzi, zimerudufishwa stationery mpaka herufi zinafifia, zinapita mkono kwa mkono kuelekea UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Kozi nyingine labda zitakuvusha na ukabaki na kitu. Falsafa ukiisoma kwa desa unabaki na orodha ya majina: Plato alisema kuna ulimwengu wa maumbo, Aristotle akapinga, Descartes akasema nafikiri basi nipo, Kant akaja kusuluhisha. Nawajua watu waliopata B+ ya falsafa ya kale bila kufungua ukurasa hata mmoja wa Plato. Na chuo chenyewe kinachangia. Darasa kubwa, mhadhiri mmoja ana rundo la skripti, basi mtihani unakuja "Jadili mchango wa Plato katika falsafa". Swali la namna hiyo linajibiwa na desa bila jasho.

Mimi niliokolewa na msaidizi wa mhadhiri kwenye semina za mwaka wa pili. Alikuwa hataki uwasilishaji wa kurasa kumi. Alitaka nusu ukurasa: mwandishi anadai nini, anatoa sababu gani, na wewe ungempinga wapi. Basi. Tulidhani ni mteremko. Jaribu uone. Nusu ukurasa hauna pa kujificha.

Descartes, kwa mfano. Kwenye desa ameandikwa mistari miwili: roho na mwili ni vitu viwili tofauti, mwili una nafasi, roho haina. Ukikaa na maandishi yenyewe unakutana na swali ambalo binti mfalme Elisabeth wa Bohemia alimwandikia mwaka 1643: kitu kisichochukua nafasi kinausukumaje mwili? Kusukuma si lazima kugusana? Descartes alijibu, Elisabeth hakuridhika akarudi tena, na barua zao ziko mpaka leo mtandaoni bure. Ukimaliza hapo nenda kwa Anton Wilhelm Amo, mtoto aliyechukuliwa kutoka maeneo ya Axim, Ghana ya leo, akakulia Ujerumani na mwaka 1734 akatetea tasnifu kule Wittenberg kwamba roho haihisi, mwenye kuhisi ni mwili. Ukishapita humo, "nafikiri basi nipo" si kauli ya kuandika kwenye fulana tena.

Au chukua Edmund Gettier. Mmarekani huyu mwaka 1963 alichapisha makala ya kurasa tatu. Tatu! Wengi walikuwa wakichukulia kwamba kujua jambo ni kuliamini, liwe kweli, na uwe na sababu nzuri ya kuliamini. Gettier akaonyesha masharti yote matatu yanaweza kutimia na bado usiwe unajua. Mfano wangu: unaona bajaji ya jirani imepaki nje, unasema moyoni jirani yupo. Kumbe bajaji imekufa tangu asubuhi, mwenyewe aliondoka na daladala, ila amerudi dakika kumi zilizopita kwa mlango wa nyuma. Umeamini, ni kweli yupo, na sababu unayo. Ulijua? Semina yetu iliisha saa mbili usiku mlinzi akitufukuza, na nusu ya mabishano yalikuwa kwa Kiswahili japo kozi ni ya Kiingereza. Ndipo nilipogundua wale waliokuwa wakikaa kimya muhula mzima hawakuwa wazito, lugha ndiyo ilikuwa imewabana. Nilianza kuandika hoja kwanza kwa Kiswahili, halafu naihamisha. Sehemu iliyogoma kuhama mara nyingi ndiyo niliyokuwa sijaielewa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: ukienda, nenda usome maandishi yenyewe, polepole, na uandike nusu ukurasa kila wiki hata kama hakuna anayesahihisha. Kama unaenda kukusanya majina, heri ubaki na kozi nyingine.

Karibuni.

#2 Bwana Bei

Uzi mrefu lakini swali la kijana hujajibu. Aliuliza INALIPA? Hizo bajaji na Jangwani mwenye nyumba hapokei.

#3 Kada Mstaafu

Bwana Bei usikatishe watoto tamaa. Mwalimu Nyerere alisoma falsafa Uingereza akaja kuongoza nchi.

#4 Mlinzi wa Hoja

Kada, tuweke sawa. Mwalimu alisoma shahada ya sanaa Edinburgh, Scotland, 1949 hadi 1952, na falsafa ya maadili ilikuwa mojawapo ya masomo, pamoja na uchumi, historia na mengineyo. Na aliporudi alienda kufundisha Pugu, hakuajiriwa kama mwanafalsafa.

Bwana Bei, haki yako. Pale Ajira Portal hutakuta tangazo la "Mwanafalsafa Daraja la II". Sekondari zetu hazina somo la falsafa, kwa hiyo hata mlango wa ualimu haufunguki moja kwa moja. Na usidanganywe na somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili ukadhani neno Maadili ni lako. Bila ualimu shule ya serikali hufundishi. Njia ipo ya stashahada ya uzamili ya elimu, ila ni ada nyingine na muda mwingine.

Niliosoma nao: mmoja yuko kwenye sekretarieti ya kamati ya maadili ya utafiti, kazi yake ni kusoma maombi ya watafiti na kuuliza kama mgonjwa aliyesaini karatasi alielewa anachosaini. Wawili waliongeza sheria. Mmoja mhariri wa gazeti. Mmoja anauza vipuri vya pikipiki na ana hela kutuzidi wote. Wapo pia walio nyumbani mpaka leo, siwezi kuwaficha. Mwenye familia inayomtegemea kuanzia mwezi wa kwanza baada ya kumaliza, nitamwambia asubiri, asome kitu cha kumpa kazi, falsafa ataifuata baadaye. Simwambii hivyo kwa furaha.

#5 Frateri Mstaafu

Nakazia. Mimi nimeisoma seminari kuu, nikatoka kabla ya teolojia, sasa nina mke na watoto watatu, msiniulize zaidi.

Watu wanasahau kuwa kwa miaka mingi waliosoma falsafa nchi hii wengi wao walikuwa mafrateri, yaani wanaosomea upadre. Seminari za Kibosho na Ntungamo zimepitisha watu wengi mno, na si wote walioishia altareni. Sheria ya Kanisa inataka mtu asome falsafa angalau miaka miwili kamili kabla ya upadre. Kwa hiyo yule paroko anayekuudhi kwa mahubiri marefu, amewahi kukaa na Aristotle.

Tofauti na chuo: kwetu mitihani mingine ilikuwa ya mdomo. Unaingia, padre yuko kimya, unaulizwa swali moja, unajibu, anasema "kwa nini?" Unajibu, "kwa nini?" Desa halisaidii hapo.

Na kuhusu nusu ukurasa ya mleta uzi, Tomaso wa Akwino alishaifanya karne ya 13. Fungua makala yoyote ya Summa, kitabu chake kikubwa cha teolojia. Anaanza na hoja za wanaompinga, na anazipanga vizuri kuliko wenyewe. Kisha anaweka neno la upande wa pili. Kisha jibu lake. Kisha anarudi kwa kila mpinzani mmoja mmoja. Gombana na anachoamini ukitaka, lakini mpangilio ule ukiushika hutaandika insha mbovu tena.

#6 Dada wa Sinza

Naomba kuuliza kwa wema. Mama yangu anasema wanaosoma falsafa wanaacha dini. Ni kweli?

#7 Mpemba wa Chake

Assalaam alaykum. Mie chuo kikuu sikusoma lakini nataka nitie neno.

Dada yangu, ilmu ya mantiki ipo kwenye mafunzo ya dini yetu tangu zamani. Mwanafunzi akishafika mbele kwenye sarufi ya Kiarabu, shekhe anaweza kumsomesha Isaghuji ya al-Abhari au Sullam ya al-Akhdari, ambayo ni somo zima la mantiki limetiwa kwenye beti, analihifadhi kama anavyohifadhi qasida. Mambo ya kadhia (sentensi za hoja) na natija (hitimisho) aliyoyasema mleta uzi na Jangwani yake, humo yamo.

Watu husema Imamu Ghazali aliivunja falsafa. Ghazali aliwajibu wanafalsafa kwenye mas-ala 20, na kwenye matatu tu ndiyo aliyowakufurisha. Huyo huyo alipoandika usuli wa fiqhi, yaani misingi ya sheria ya dini, akaweka utangulizi wa mantiki mbele, akasema asiyeijua elimu yake haina kuaminika. Baadaye Ibn Rushd akaja akamjibu Ghazali. Wote hao walikuwa wanasali.

#8 Mlinzi wa Hoja

Ahsante sana Mpemba, hilo la beti sikulijua.

Dada wa Sinza, sitakudanganya kwamba hakuna anayetikisika. Wiki iliyotikisa darasa letu ni ile ya mazungumzo ya Sokrate na Euthyphro, aliyoyaandika Plato. Swali lenyewe, kwa lugha ya dini zetu: jambo ni jema kwa sababu Mungu ameliamuru, au Mungu ameliamuru kwa sababu ni jema? Ukishika la kwanza, unaulizwa kama angeamuru tudhulumu yatima dhuluma ingekuwa jema. Ukishika la pili, inaonekana wema upo kabla ya amri. Darasa lilikuwa na walokole, mafrateri wawili, ustaadhi mmoja, na jamaa mmoja aliyejiita mkana Mungu kwa wiki mbili hivi mpaka mama yake alipopiga simu. Ustaadhi akatuambia swali hili Waislamu walishagawana kitambo, madhehebu ya kiitikadi ya Muutazila upande wa pili na ya Ashaari upande wa kwanza. Mafrateri wakasema Akwino anatoka katikati: amri haitoki nje ya Mungu wala haiko kiholela, inatoka kwenye asili yake iliyo njema. Tulitoka pale tukiwa bado na dini zetu, ila kila mmoja sasa alijua anasimama upande gani na gharama ya kusimama pale.

Mwambie mama ukweli huo. Ukimwambia hakuna hatari, hatakuamini.

#9 Nyakwar Ugenya

Salamu kutoka Kenya. Mmeongea sana Wagiriki, sasa wacha nilete mtu wetu.

Chuo Kikuu cha Nairobi falsafa huwezi kuitaja bila Henry Odera Oruka. Alienda Uppsala, Sweden, kwa masomo ya sayansi, akaishia kwa falsafa, akaongeza Wayne State huko Detroit, akarudi Nairobi 1970 kufundisha. Wakati huo wazungu, na hata baadhi ya wenzetu, walikuwa wakisema falsafa ya Mwafrika ni imani za kabila zima tu, hakuna mtu mmoja anayekaa chini akafikiri peke yake. Oruka akachukua kinasa sauti akaenda vijijini kuhoji wazee kama Paul Mbuya Akoko. Akatofautisha mzee anayejua mila na kuzikariri vizuri, na mzee anayeweza kuziuliza mila zenyewe swali. Huyu wa pili ndiye alimwita mwanafalsafa, awe amesoma au hajasoma.

Sasa hii ndiyo nilitaka kusema. S. M. Otieno, wakili mkubwa Nairobi, alifariki 20 Desemba 1986. Mkewe Wambui, Mkikuyu, anataka kumzika kwao nje ya Nairobi. Ukoo wa mumewe, Umira Kager, unasema Mjaluo huzikwa kwao Siaya. Kesi ikaenda mahakamani, nchi nzima ikawa inasoma magazeti ikibishana kwa matatu, na mwili ukakaa mochari miezi mitano. Na Profesa Oruka akaitwa kama shahidi mtaalamu, upande wa ukoo! Mwanafalsafa amesimama kizimbani akiulizwa mila ni nini na inamfunga nani. Mahakama ya Rufani ikaamua Mei 1987, Otieno akazikwa Nyalgunga, huko Siaya, tarehe 23.

Mhadhiri wetu alitupa kesi hiyo muhula mzima. Maiti ni ya nani? Aliyekufa ana matakwa, au alikuwa nayo tu? Mtu aliyeishi mjini, akafanya harusi ya kisasa, akalea watoto kwa Kiingereza, ametoka kwa mila lini, na nani alimpa ruhusa ya kutoka? Na ile ya kunisumbua mimi: Oruka ndiye aliyetufundisha kwamba mzee wa kweli huhoji mila, sasa siku ya siku anaitwa kuzieleza. Nimeandika term paper mbili juu ya hilo na bado sina raha na jibu langu. Hiyo desa gani itakupa?

#10 Binti Kilwa

Nyakwar umenigusa penyewe, tasnifu yangu ilikuwa humo humo.

Mwaka wa tatu wenzangu walikuwa wanaandika "Dhana ya haki kwa Rawls", yule mwanafalsafa Mmarekani, mimi nikasema naenda nyumbani kuhoji watu kwa njia ya Oruka. Msimamizi wangu alinionya: usirudi na kapu la methali. Nilibeba swali la Plato lile la pete. Kwenye kitabu chake cha Jamhuri kuna mchungaji, Gyges, anapata pete inayomfanya asionekane, na Glaucon anauliza nani atabaki mwema akiwa na pete hiyo. Mimi nikauliza hivi: kwa nini mtu asidhulumu hata kama hakuna atakayejua kamwe?

Wengi walinijibu kwa hadithi ya Mtume au kwa methali, na nikiuliza "na asiyeamini hilo je?" mazungumzo yanaishia hapo kwa heshima. Kulikuwa na bibi mmoja, mkunga wa zamani. Akaniambia swali langu limekosewa, kwa sababu nimesema hakuna atakayejua, na mwenyewe nimemsahau. Mwizi anajua. Atakula na mwizi, atalala na mwizi, na hawezi kumfukuza nyumbani. Nikamuuliza, je akiwa ni mtu ambaye hilo halimkeri? Akafikiri muda, akasema basi huyo hajui anaishi na nani, na hapo umaskini wake mkubwa zaidi.

Nilirudi nikamsimulia msimamizi. Akaniambia nenda kasome Gorgias, kitabu kingine cha Plato, pale Sokrate anaposema heri kutopatana na watu wote kuliko yeye mmoja asipatane na nafsi yake. Nilisoma usiku ule ule. Sikusema bibi ni Sokrate wa Kilwa, msimamizi alikataza kabisa, akasema nikiandika hivyo atanifelisha nirudie. Niliandika hoja yake kwa jina la "mhojiwa wa nne", nikaipanga, nikaipinga, na mwisho nikaona pingamizi langu la pili haliishindi. Tasnifu nzima ilisimama hapo.

Kwa dada zangu: darasani tulikuwa wasichana wachache sana, na kuna watu watakukatiza ukiongea. Endelea kuongea.

#11 Mtu wa Kopa

Mimi niko Lubumbashi. Mnasema falsafa ya Kiafrika na hamtaji Tempels? Kitabu chake cha falsafa ya Kibantu kilitoka hapa kwetu mwaka 1945, mji ukiitwa bado Elisabethville.

#12 Mlinzi wa Hoja

Karibu mkuu, ni kweli huwezi kumruka. Kwa wasiomjua: Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji, Mfransisko, alikaa Katanga akaandika kwamba Wabantu wana falsafa yao, na kiini chake ni nguvu ya uhai. Watu wakagawanyika palepale. Wapo walioona angalau mzungu amekiri tunafikiri. Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, mwaka 1950 akamrukia: unampa Mbantu heshima ya ontolojia, yaani nadharia ya vilivyopo, huku mkoloni anaendelea kumchukulia ardhi na jasho. Padre Alexis Kagame wa Rwanda naye, 1956, akaitafuta falsafa ndani ya sarufi ya Kinyarwanda, kwenye ngeli zake, akatoa makundi manne ya vilivyopo: watu, vitu, mahali-na-wakati, na namna. Halafu Paulin Hountondji wa Benin akauliza swali baya: kama falsafa ni ya kabila zima na hakuna anayeweza kusema sikubaliani, hiyo ni falsafa au ni maelezo ya mtu wa nje tu?

Msemaji wa Kiswahili anaposoma Kagame anashawishika haraka, maana ngeli zetu zinafanana. Lakini jiulize: kwetu mamba anachukua upatanisho wa mtu, na mti hauchukui. Je, hilo linatuambia kitu kuhusu mamba, au kuhusu sarufi tu? Mimi niko na Hountondji hapo. Binti Kilwa naona hatakubaliana nami.

#13 Binti Kilwa

Sikubaliani, ila si leo, nina mtoto mgonjwa.

#14 HGL wa Mbeya

Shikamooni wote. Nimesoma uzi mzima jana usiku. Mimi ndiye mmoja wa waliotuma PM. Naweka nusu ukurasa yangu hapa, msinicheke. Ni kuhusu mkopo maana nyumbani ndiyo tunabishania.

1. Hela ya mkopo wa chuo ni ya umma na inatakiwa irudi ili wengine wakopeshwe.
2. Anayerudisha ni mwenye ajira, anakatwa asilimia 15 ya mshahara.
3. Wahitimu wa falsafa wanachelewa kupata ajira.
4. Kwa hiyo, falsafa isikopeshwe.

#15 Bwana Bei

Kijana ana akili huyu! Mods fungeni uzi.

#16 Frateri Mstaafu

Marahaba mwanangu. Vizuri umeipanga. Sasa mimi ni yule padre: kwa nini? Kutoka 1 mpaka 3 umepata kwamba wanachelewa kurudisha, na kuchelewa si sawa na kutorudisha. Hujapata kwamba wasikopeshwe. Kuna sharti umelimeza.

#17 HGL wa Mbeya

Nafikiri sharti ni hili: "Kozi ambayo wahitimu wake wanachelewa kurudisha, isikopeshwe." Nikiliweka, linafuta na ualimu. Baba yangu ni mwalimu, alikaa nyumbani miaka anasubiri kupangiwa kituo. Nikilitoa, namba 4 haisimami.

#18 Nyakwar Ugenya

Hapo sasa. Unaweza kukubali kwamba hata ualimu ufutwe, ama ubadilishe sharti. Lakini usibadilishe ndio tu baba yako apone.

#19 Bwana Bei

Ngoja kwanza. Mnasema kuchelewa si sawa na kutorudisha. Hela ikikaa nje miaka kumi si imeshuka thamani? Laki moja ya leo na laki moja ya miaka kumi ijayo ni kitu kimoja? Kwa hiyo aliyechelewa hajarudisha yote. Jibuni hilo.

#20 HGL wa Mbeya

Hilo la thamani sikulifikiria. Naliweka kama 3(b), halafu naangalia upya kama ualimu bado unafutika.